Kumtunza Mgonjwa Nyumbani: Maswali Ambayo Wahudumu Wapya Huuliza Kuhusu Usalama na Afya

Majibu haya ni ya mtu anayeanza kazi ya kumtunza mgonjwa au mzee nyumbani, awe Kondele, Kakamega mjini, Njoro au kijijini Nyando. Hayachukui nafasi ya mafunzo ya vitendo. Kumgeuza mtu wa kilo 80 hujifunzi kwa kusoma. Unafanya mbele ya mtu anayekusahihisha.

Kazi yangu inaishia wapi, na ya nesi inaanzia wapi?

Unaogesha, unalisha, unageuza, unasaidia kutembea, unasimamia dawa zilizoandikwa na daktari, unapima presha, joto na sukari ukishafundishwa, na unaandika. Huanzishi dawa. Hubadilishi kipimo. Huweki wala hutoi mpira wa mkojo au wa puani, na hukati nyama iliyokufa kwenye kidonda. Familia itakuomba uvuke mpaka huo kwa sababu nesi yuko mbali au anadai nauli. Kataa kwa adabu, kisha msaidie mwenye nyumba kupata nambari ya nesi.

Kuna kazi yako moja ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya: kujua jana mgonjwa alikuwaje, ili akibadilika leo uone mapema. Daktari humwona dakika kumi kwa mwezi. Wewe uko naye mchana kutwa.

Siku ya kwanza nianze na nini?

Anza na hali yake ya kawaida. Uliza na uandike: anatembea mpaka wapi, anakwenda haja mara ngapi, presha yake huwa ngapi, anawatambua nani, anazungumza vipi. Bila hayo hutajua kama ukimya wake wa leo ni tabia au ni ugonjwa. Mzee mwenye nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo huenda asipate homa hata kidogo. Huanza kuchanganyikiwa, kusinzia mno au kukataa chakula, na nyumba nzima ikasema "ni uzee tu".

Kisha ifuate njia yake ya usiku, kutoka kitandani hadi chooni, taa zikiwa zimezimwa. Utaona mwenyewe: mkeka uliokunjika pembeni, waya wa ekstensheni, kizingiti, sakafu ya bafu yenye sabuni. Slipa zinazochomoka ziwekwe kando, avae kiatu kinachoshika kisigino. Choo kikiwa nje, panga ndoo yenye kiti au poti karibu na kitanda kabla ya giza kuingia. Tochi ikae mahali mkono wake unafika, kwa maana stima haiagi ikiondoka.

Nimwite nani: mteja, mgonjwa au jina lake?

Muulize. Wengi hupenda Mzee, Mama Fulani kwa jina la mtoto wake, au Mwalimu kama alikuwa mwalimu. Wajaluo watakuambia Dani, Waluhya Kukhu. Jina tupu kwa mtu wa umri wa nyanya yako linaharibu siku kabla haijaanza. Mwambie pia unachotaka kufanya kabla ya kumgusa, hata kama hawezi kujibu.

Nikivaa glavu bado ninawe mikono?

Ndiyo, kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Glavu hutoboka bila wewe kuona, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Sabuni na maji yanayotiririka, usugue sekunde 20 au zaidi, ukifika kwenye kidole gumba, kati ya vidole na chini ya kucha. Hakuna bomba? Kibuyu chirizi kinatosha; beseni moja la kunawia watu wote halitoshi. Jozi moja ya glavu ni kwa kazi moja: ukishabadilisha daipa, usiguse kikombe wala simu nazo.

Jik niweke kiasi gani?

Soma chupa kwanza, kwa sababu nguvu hutofautiana. Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa hivi: kwa damu, matapishi au kinyesi kilichomwagika, kipimo 1 cha Jik kwa vipimo 6 vya maji. Kwa meza, vitasa na sakafu, mililita 30 kwenye lita moja ya maji inatosha. Tumia maji baridi, changanya upya kila siku. Futa uchafu kwanza kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, ndipo umwage dawa na usubiri dakika 10. Ukimwaga juu ya uchafu, klorini huishia kupambana na uchafu na vijidudu hubaki.

Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi, na usiimimine bila kuichanganya na maji kwenye chombo chenye mkojo. Hutoa gesi inayochoma mapafu, na bafu nyingi hazina dirisha la maana. Kwenye ngozi na vidonda, kamwe.

Namtoaje kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu bila kumuumiza wala kuvunjika mgongo?

Kosa la kawaida ni kumvuta mikono au kumnyanyua kwapani. Aliyepatwa na kiharusi, misuli ya bega upande ulioathirika imelegea. Ukivuta mkono huo bega hutoka mahali pake na maumivu hayo hukaa miezi. Hebu tumchukue mama aliyepooza upande wa kushoto:

1. Weka kiti upande wake wenye nguvu, yaani kulia, kikiwa kimegeuzwa mshazari kidogo kuelekea kitanda. Funga breki zote mbili, inua vikanyagio vya miguu. Kiti kisichofungwa breki hurudi nyuma wakati hasa anapoketi.
2. Mlaze ubavu, shusha miguu, mwinue aketi ukingoni. Asubiri dakika moja au mbili. Presha ya mtu aliyelala muda mrefu hushuka akisimama ghafla. Akisema macho yanafanya giza, mrudishe alale.
3. Nyayo zote mbili ziwe sakafuni, nyuma kidogo ya magoti, viatu miguuni. Mfunge mkanda wa kumshikia kiunoni. Mkanda ukikosekana, leso iliyokunjwa mara kadhaa ikawa pana hufaa, ikiwa imekazwa juu ya nguo.
4. Simama mbele yake, miguu yako imeachana, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Goti lako lizuie goti lake la kushoto lisikunjike.
5. Ainame mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu. Hesabuni pamoja, moja, mbili, tatu, asukume kwa mguu wa kulia. Geukeni kwa hatua ndogo. Usipinde kiuno chako.
6. Akihisi kiti nyuma ya miguu, ashike mkono wa kiti, ashuke polepole.

Asiyeweza kukanyaga kabisa ni kazi ya watu wawili au mashine ya kunyanyulia. Mhudumu mmoja mwenye haraka ndiye huumia mgongo.

Ameanguka. Nimwinue?

Si mara moja. Kaa naye chini, mwulize anaumwa wapi, angalia kichwa, shingo na nyonga. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika: usimwinue, mfunike apate joto, ita gari la wagonjwa. Aliyegonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini aende hospitali hata akisema yuko sawa. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani.

Kama hajaumia, leta viti viwili. Ageuke ubavu, apige magoti, aweke mikono kwenye kiti cha mbele, atangulize mguu wenye nguvu na kujisukuma juu. Cha pili kiingie nyuma yake. Wewe unaongoza, yeye ndiye anayeinuka. Na akianza kuanguka ukiwa umemshika, usipigane na uzito wake: panua miguu, mwache ateleze kwenye paja lako hadi chini, ukilinda kichwa.

Vidonda vya kulala huanzaje, na mbona vinatokea hata mgonjwa akiwa safi?

Kwa sababu chanzo si uchafu. Mfupa hubana ngozi dhidi ya godoro, damu haipiti, nyama hufa. Kidonda kinaweza kuanza kwa saa chache, hasa kwa mtu mwembamba, aliyelowa mkojo, au asiyekula protini ya kutosha. Kagua kila siku wakati wa kuogesha: mwisho wa uti wa mgongo juu ya matako, visigino, nyonga, viwiko, mabega, nyuma ya kichwa na masikio.

Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko ngozi ya jirani, yenye joto, ngumu au iliyolegea kama tope, au anayolalamika ukiigusa. Tumia mwanga wa dirisha, si tochi ya simu.

Mgeuze kila baada ya saa 2 akiwa kitandani. Usimlaze ubavu kamili. Mwinamishe nyuzi 30 kwa mto nyuma ya mgongo, ili uzito usikae kwenye nyonga. Weka mto chini ya mashavu ya miguu visigino vikae hewani. Akiwa kwenye kiti, badilisha mkao angalau kila saa. Usimburute kwenye shuka: tumieni shuka la kunyanyulia, watu wawili. Kitanda kikiinuliwa sana upande wa kichwa, huteleza chini na ngozi ya matako huchanika bila kelele.

Kuna mazoea ya zamani ya kuacha. Kusugua sehemu iliyobadilika rangi kwa spiriti na poda hukausha ngozi na kuumiza nyama ya chini. Pete ya mpira ya kukalia huzuia damu kuizunguka sehemu ile ile unayotaka kuilinda. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazipunguzi mgandamizo wa kutosha. Ukiona ngozi imepasuka, safisha kwa maji ya chumvi ya hospitali (normal saline), funika, mpigie nesi siku hiyo hiyo.

Amepata kiharusi na anakohoa akila. Nimlisheje?

Kukohoa akila ni onyo kwamba chakula kinaelekea kwenye mapafu. Sauti ikiwa kama ina maji baada ya kumeza, ni onyo jingine, na wengine hawakohoi kabisa. Mjulishe nesi apangiwe uchunguzi wa kumeza kabla hujabadilisha mlo wewe mwenyewe.

Wakati huo: aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, redio na televisheni vizimwe. Kijiko cha chai, si cha mezani. Weka chakula upande wenye nguvu, subiri ameze, angalia kama kimebaki shavuni. Wengi hushangaa kuambiwa kwamba maji ni hatari kuliko uji mzito. Maji hukimbia haraka kuliko koo linavyojifunga. Ugali mkavu na ndengu zisizopondwa humsumbua. Samaki ni chakula kizuri cha protini, lakini usimpe ngege mwenye miiba kwa sababu tu nyumba ni ya Kisumu. Chambua kwa vidole vyako, ponda kwenye mchuzi, pitisha vidole tena. Omena mzima asipewe. Baada ya kula abaki ameketi dakika 30, na meno na ulimi visafishwe, kwa sababu mate machafu nayo huingia kifuani.

Chakula kimemkwama?

Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asiyeweza kutoa sauti: mwinamishe mbele, mpige kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, kisipotoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, sukuma ndani na juu mara 5. Rudia. Akizimia, mlaze chini, ita msaada na anza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usitumbukize kidole bila kuona kitu, unakisukuma ndani.

Bahasha ya dawa imeandikwa 1x3. Maana yake nini?

Kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Si kidonge kimoja kwa siku tatu, kosa linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. 2x2 ni vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Mtego wa pili ni saa. Hospitali ikiandika 8, hiyo ni saa mbili yetu, na anayepokea zamu akisoma "saa 8" huenda akatoa dawa saa nane mchana. Andika kila mara "saa 2 asubuhi", "saa 2 usiku".

Kabla ya kutoa hakikisha: mtu ndiye, dawa ndiyo, kipimo, wakati, njia. Mwone akimeza, ndipo uweke alama. Aliyekosa dozi asipewe mbili pamoja, uliza. Dawa ya maji hupimwa kwa sirinji au kikombe chake, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Usiponde kidonge bila kuuliza: vingine vimetengenezwa vitoe dawa polepole, ukiviponda dozi ya kutwa humwagika mara moja. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na baadhi ya dawa za maumivu za dukani tayari zina parasetamoli na aspirini ndani.

Anayetumia warfarini hahitaji kuacha mboga. Anahitaji kiasi kisichobadilika. Wiki bila mboga kisha wiki ya sukuma na managu kila mlo huvuruga dawa hiyo.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, ikiganda imeharibika. Chupa iliyofunguliwa hutumika siku 28, kwa hiyo andika tarehe juu yake. Joto la Kisumu na nyumba isiyo na friji? Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kivulini penye upepo. Usiiache kwenye dirisha wala ndani ya gari.

Anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Ana kisukari.

Pima. Chini ya 4 (mmol/L), au huna mashine, mpe sukari mara moja: vijiko 3 vya chai kwenye nusu kikombe cha maji, au nusu ya soda ya mililita 300 isiyo ya "bila sukari". Chai ya maziwa haifai, mafuta huchelewesha. Pima tena baada ya dakika 15. Ikibaki chini, rudia. Ikipanda, mpe mkate au ugali. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni: mlaze ubavu, aende hospitali. Anayetumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, apelekwe hata akizinduka, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Mbona presha ninayopima haifanani na ya kliniki?

Mara nyingi ni namna ya kupima. Apumzike dakika 5, ameshakojoa, hajanywa chai ya majani wala kahawa nusu saa iliyopita, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono uko sawa na moyo, kitambaa cha mashine kiko juu ya ngozi na si sweta, na hakuna anayezungumza. Usipime mkono uliopooza wala wenye mshipa wa dayalisisi (kusafisha damu kwa mashine). 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kuumwa kichwa sana au udhaifu wa upande mmoja ni dharura.

Ana homa. Ni malaria?

Kando ya ziwa inawezekana sana, lakini pima kwanza, siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ya jamii huwa na kipimo cha haraka. Akiandikiwa AL, dawa ya malaria, mtu mzima humeza vidonge 4 kila mara, jumla mara 6 ndani ya siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Vidonge vya siku ya tatu ndivyo hubaki kabatini, kwa kuwa homa imeisha. Chandarua kichomekwe chini ya godoro hata mgonjwa akilalamika joto.

Mpira wa mkojo unahitaji nini?

Mfuko ukae chini ya kiuno lakini usiguse sakafu. Umwage ukifika theluthi mbili. Osha mpira kwa sabuni na maji kila siku, kuanzia mwilini kuelekea nje. Usipotoka mkojo, kwanza angalia kama amelalia mpira. Saa 4 bila mkojo na tumbo limejaa na kuuma: mpigie nesi sasa hivi, usisubiri asubuhi.

Mdomo umepinda ghafla. Nifanye nini kwanza?

Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi. Kimoja kikishindwa, chukua ni kiharusi. Andika saa ya mwisho alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na bila saa hiyo daktari hawezi kuamua. Usimpe aspirini: kiharusi kingine ni cha kuvuja damu. Usimpe maji. Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199, na mtu mwingine apigie hospitali kuuliza kama mashine ya CT, ya kupiga picha ya ubongo, inafanya kazi leo.

Kumbana katikati ya watu wawili kwenye bodaboda ni hatari: kichwa huanguka na njia ya hewa hujifunga. Tuktuk ni afadhali, gari la kumlaza ubavu ni bora zaidi.

Nakuru kuna baridi. Jiko la makaa linaweza kukaa chumbani kwake?

Hapana, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya makaa haina harufu. Humwumiza kichwa, humsinzisha, humwua. Ongeza blanketi, soksi, kofia. Chupa ya maji moto ipashe kitanda kisha iondolewe, kwa sababu mguu wenye kisukari au uliopooza hauhisi kuungua. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko chako. Palipo na oksijeni, moto wowote ukae mita 3 au zaidi, asipakwe mafuta mazito ya kupaka kama Vaseline puani, na mtungi wa akiba uwepo siku ambayo stima itapotea.

Sindano imenichoma.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV huanzwa mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B ipate kabla hujaanza kazi. Sindano usiirudishie kifuniko: itupe kwenye chombo kigumu kinachofungika, kikijaa robo tatu kipelekwe hospitali.

Daftari niandike nini?

"Ameamka salama, amekula vizuri" haisemi kitu. Andika: "Saa 1:30 asubuhi. Uji nusu kikombe, kawaida humaliza. Amekohoa mara mbili. Mkojo ml 300, rangi ya chai ya rangi. Kisigino cha kushoto kina doa jeusi, joto, ukubwa wa shilingi. Nimemwambia binti yake kwa simu saa 2 asubuhi." Nambari, saa, uliyemjulisha. Ukikosea, piga mstari mmoja na uandike upya, usifute.

Pesa ziandikwe pia, na risiti. PIN ya M-Pesa yake usiijue kabisa, hata akikulazimisha uishike. Picha za kidonda tuma kwa nesi kwa idhini ya mgonjwa au familia, si kwenye grupu la ukoo.

Akifariki nikiwa zamu?

Kama hukuandaliwa kwa kifo chake, ita msaada na anza kukandamiza kifua. Kama alikuwa akiagwa na familia ilishaelewana na daktari, andika saa, piga simu kwa familia na nesi, usitoe mipira yoyote. Kifo cha ghafla kisichoeleweka, polisi waarifiwe kabla ya mwili kusogezwa. Aliyefia nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu ili kibali cha mazishi kipatikane. Kabla ya kuosha au kufunika, waulize wenyewe wanavyotaka. Kwao huenda si kazi ya mgeni.